Mkufunzi Aliyekula Samaki wa Baba

Mbinga mjini wapo watu ambao hadi leo ukiwatajia habari za Mkufunzi wanakunja uso kama waliolishwa shubiri. Watakwambia ndiye aliyewazibia riziki watoto wa nyumbani. Watakwambia alikuwa pale chuoni, kalamu mkononi, na bado vijana wa Mbinga na wa Nyasa wakarudishwa makwao na mabegi yao mbele ya macho yake. Yote hayo ni kweli. Mimi mwenyewe ni mmoja wa aliowafelisha. Lakini akisemwa vibaya mbele yangu nanyanyuka kumtetea, iwe sokoni, iwe msibani, ingawa yeye mwenyewe siku hizi hataki hata kuniona. Sababu ya hilo nitaifikia. Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani.

Kazi yake ilikuwa kufundisha darasani katika chuo cha kijeshi, mkoa wa mbali, ambako vijana huingia wakiwa raia na kutoka wakiwa maofisa. Watu wengi wakisikia chuo cha kijeshi huwaza kwata, bunduki na kupanda milima na begi zito. Hayo yapo, tena yapo ya kutosha. Lakini ofisa mwanafunzi hukaa pia darasani akasoma historia ya vita, sheria za vita, uongozi, hesabu, Kiingereza, uandishi wa kiofisi na usomaji wa ramani. Kila somo lina mtihani wake. Ukifeli unarudia mara moja, na ukifeli tena unakwenda nyumbani, hata kama wewe ndiye bingwa wa shabaha. Sheria hiyo hakuitunga Mkufunzi. Ila yeye ndiye aliyeifuata pale wengine walipoanza kukohoa na kutazama pembeni. Alifundisha ramani na uandishi, masomo mawili ambayo wenye misuli huyadharau, na humo ndimo wengi walimokwama.

Alikuwa mfupi, Mmatengo wa Kitura, mwenye miguu iliyozoea mteremko kiasi kwamba hata kwenye uwanja tambarare alitembea ameinama mbele. Alikuwa na cheo cha meja, lakini hakuna aliyemwita meja. Chuoni walimwita Mkufunzi, nyumbani wakamwita Mkufunzi, na nasikia hata padri wake alimwita hivyo hivyo. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alituambia kwamba anayepiga kelele darasani ni yule ambaye hakuandaa somo.

Misemo yake tuliijua kwa moyo na tukaichukia kwa moyo. Ukimwambia umekesha ukisoma, alijibu, “Jasho halisahihishwi.” Ukimwambia umekosea kidogo tu, alikuuliza kama mzinga nao huua kidogo tu. Na kwa wale waliotaka kujipendekeza kwa kabila, kwa kanisa au kwa wilaya, alikuwa na mmoja wa kufungia mlango: “Ramani haina mjomba.”

Huo wa mwisho nilipewa mimi wiki ya kwanza. Nilimsikia akitaja neno “mlima” kwa lafudhi ya kwetu kusini, nikajua nimepona. Baada ya kipindi nikamfuata, nikamwambia natoka Chiwanda, kando ya ziwa.

“Chiwanda!” akasema, uso ukamfunguka. “Nyumbani kabisa. Mna mihogo mizuri sana kule.”

“Ndiyo, afande.”

“Insha yako ya leo ni mbaya. Irudie.” Kisha ndipo akanipa ule msemo, akaenda zake kula.

Hapo wapo wanaosema, unaona, mtu hana utu. Nami nawauliza, utu ni nini? Kunidanganya kwamba insha yangu ni nzuri, nije nimwandikie mkuu wa kikosi taarifa isiyoeleweka, na askari wapelekwe bonde wasilopaswa kupelekwa? Alikuwa akituambia kwamba ofisa asiyeweza kuandika aya moja iliyonyooka atatoa amri iliyopinda. Alipenda kutupa swali moja tu ubaoni: kikosi chako kina njaa, daraja limevunjika, mvua inakuja, andika amri kwa sentensi nne. Wenzangu wenye vifua vipana walitoka jasho pale zaidi ya uwanjani. Mmoja, kijana aliyetushinda wote kukimbia, aliandika kurasa nzima na hakusema kikosi kiende wapi. Mkufunzi alimsomea yote kwa sauti, taratibu, mpaka yule kijana mwenyewe akaanza kucheka.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alituadhibu kwa kuchelewa, na nyumbani kwake Kitura saa ya ukutani ilisimama miaka na hakuna aliyethubutu kuigusa, maana alisema jogoo anatosha. Alitufundisha jinsi kikosi kinavyovuka mto, kamba zikae wapi, nani atangulie, na yeye mwenyewe aliogopa maji kupita kiasi. Siku moja alikuja Mbamba Bay kwenye harusi, akakaa ukumbini mstari wa nyuma kabisa, mgongo ukutani, suruali ameikunja hadi magotini, na ziwa liko kule ng’ambo ya barabara. Sisi watu wa ziwani tulimcheka hadi machozi. “Chekeni,” akasema, “mkija kwetu milimani mnahema kwenye ngazi za kanisa.”

Alidharau kujisifu, lakini alipenda mno kusifiwa kahawa yake. Mtu angeweza kumtukana akavumilia, ila aseme buni za Kitura ni ndogo, hapo ugomvi. Na alikuwa mbishi kwa wakubwa kuliko alivyokuwa mkali kwa wadogo, jambo ambalo wanaomchukia hulisahau kwa makusudi.

Kuna mheshimiwa mmoja, jina lake linabaki kwangu, ambaye mwanawe alikuwa amefeli sheria za vita na ramani pia, hata aliporudia. Akamfuata Mkufunzi likizo, gari kubwa likipanda ile njia ya vumbi hadi Kitura. Ulikuwa msimu wa kuchuma. Mkufunzi alikuwa shambani juu, hakushuka. Akamwita mheshimiwa apande alipo, akampa kikapu, akamwambia buni nyekundu tu, za kijani aziache. Yule bwana, kwa viatu vyake vya mjini, akachuma huku anaeleza jinsi mwanawe anavyolipenda taifa. Mkufunzi alisikiliza hadi kikapu kikajaa nusu.

“Mheshimiwa,” akasema, “mwanao anakimbia vizuri sana. Lakini adui naye anakimbia.”

Kijana alirudi nyumbani, na Mkufunzi akaambiwa kwa siri kwamba sasa asitarajie cheo kingine. Hakukipata kweli. Nilimuuliza siku moja kama iliuma. Akasema iliuma sana, tena usiku ndiyo iliuma zaidi, na akaniambia nimpitishie sukari.

Watu walitunga hadithi kwamba ukali wake una chanzo. Eti katika operesheni fulani alipoteza askari kwa sababu ya ramani iliyosomwa vibaya, ndiyo maana. Na mimi niliiamini, maana ni hadithi nzuri, inamfanya mtu aeleweke. Nilipomuuliza, akanitazama kwa huruma. “Hakufa mtu,” akasema. “Mnataka mtu afe ndipo kazi ifanywe vizuri?” Sijawahi kusikia jibu linalonikera na kunipendeza kwa pamoja namna ile.

Sasa nije kwenye kufeli kwangu, maana hapo ndipo wengi wanapodhani wamenishika.

Sisi tuliozaliwa ufukweni upande wa Ruvuma tumezaliwa na dira yetu. Milima iko mashariki, ziwa liko magharibi. Jua linatoka nyuma ya milima na kuzama majini, ng’ambo kwa Wamalawi. Mtoto wa Chiwanda haulizi mashariki ni wapi, anatazama tu mlima ulipo. Nilibeba jambo hilo hadi chuoni bila kujua kwamba nimelibeba. Siku ya mtihani wa medani nikapewa ramani, dira na wenzangu wa kuwaongoza. Mawingu yalikuwa yamefunga na jua halikuonekana. Mbele yangu ukasimama mlima mkubwa, na kichwa changu bila kuniomba ruhusa kikasema, mashariki ile pale. Nikaigeuza ramani ilingane na mlima. Dira ikakataa. Mimi nikaitikisa, ikakataa tena, nikawatangazia wenzangu kwamba dira imeharibika.

Tulitembea kwa ushujaa mkubwa. Tukatokea kwenye mnada wa mbuzi, nyuso zetu tumezipaka matope, majani yamechomekwa kichwani, na akina mama wakatupisha kwa adabu tupite.

Mkufunzi hakucheka. Aliniuliza nilikuwa nimetazama nini, nikamweleza. “Umeuleta mlima wenu hadi huku,” akasema. “Hilo kosa hawezi kulifanya mtu wa Dodoma.” Kisha akanifelisha. Ikabaki nafasi moja ya kurudia, na nikiipoteza hiyo ninarudi Chiwanda, kwa wale wale walioniaga kwa nyimbo kanisani na kwa wale waliosema mwanamke buti zitamshinda.

Tulipewa likizo fupi kabla ya marudio, na Mkufunzi naye akawa amekuja kwake. Baba yangu ni mvuvi na mzee wa kanisa letu la Kianglikana, mtu asiyejua kuomba upendeleo. Lakini kwa ajili yangu alichagua mbasa, samaki wa ziwa letu, wakubwa aliowabanika mwenyewe, akawafunga vizuri, akapanda gari hadi Mbinga na pikipiki hadi Kitura. Sikumtuma. Nilijua tu alipoondoka, na sikumzuia, maana nilitaka afaulu. Nilimsubiri siku nzima nikiwa na matumaini yote ya dunia.

Akarudi kesho yake, mikono mitupu.

“Baba, imekuwaje?”

“Amewala,” baba akasema, akikaa chini taratibu. “Amewala wote, mwanangu. Amefyonza mpaka mifupa. Mkewe naye kala. Tumecheka, tumeongea habari za kahawa na habari za nyavu. Kisha akaniambia, ‘Mzee mwenzangu, samaki mtamu sana. Lakini binti yako hajui mashariki.’”

“Basi?”

“Basi. Kasema uende kwake, uvae viatu vya kazi.”

Mama alikasirika hadi akashindwa kupika. Kula samaki wa mtu na kumnyima haja yake, kwetu hilo ni tusi. Angeukataa ule mzigo mlangoni, tungemwelewa na tungemheshimu. Majirani wanaisimulia habari hii hadi leo kama ushahidi wa ubaya wake. Mimi naona kinyume. Kumkataa baba mlangoni kungekuwa kumwambia, wewe ni mhongaji. Yeye alimpokea kama mgeni aliyeleta zawadi, akaila zawadi, na mtihani akauacha pale pale ulipokuwa. Baba alikwenda akiwa mwombaji, akarudi akiwa rafiki, na walitembeleana hadi baba akachoka safari.

Nilipanda Kitura nikiwa nimenuna. Kule hakuna ziwa la kutazama. Pande zote ni milima, na mtu wa ufukweni akizungushwa kidogo tu anapotea kabisa. Mkufunzi alijua. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni, wakati ambapo Wamatengo wanachimba ngoro, yale mashimo ya mraba yanayofunika milima yao yote na kuzuia udongo usiteremke na maji. Kwanza majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari, inayokata mteremko na inayoshuka nao, ndipo udongo ufukuliwe katikati na kuyafunika majani. Kulaza majani ni kazi ya wanaume. Kufunika udongo ni ya wanawake. Mkufunzi akanipa mundu.

“Hiyo ya wanaume!” jirani mmoja akapaza sauti kutoka mteremko wa pili.

“Huyu ni ofisa mwanafunzi,” Mkufunzi akamjibu. “Njoo umsaidie kama inakuuma.”

Jirani hakuja. Nililaza majani hadi mgongo ukataka kukatika, na kila nilipomaliza mstari aliniuliza mashariki ni wapi. Nilitafuta ziwa kwa macho, sikuliona, nikakosea. Nikaulizwa tena, nikakosea tena. Siku ya tatu nikamtupia mundu miguuni na kumwambia kwamba anafurahia kunitesa, kwamba angekuwa na moyo angenipitisha siku nyingi. Mkewe alisikia kule jikoni, akaja na sahani ya maharage. “Usimsikilize huyo, mwanangu, kula kwanza,” akasema. Mkufunzi aliniacha nile. Kisha akanipa dira.

“Hii haijui Chiwanda,” akasema. “Haijui Kitura. Ndiyo maana naiamini.”

Niliishika. Sindano ikatulia ikielekea upande ambao nafsi yangu yote iliukataa. Nikaamua, kwa hasira hasa, kuiamini yenyewe na kuikana nafsi yangu. Kutoka hapo mambo yakaanza kukaa. Nikaona jinsi mistari ya majani inavyobanana pale mlima unapokuwa mkali na kuachana pale unapolala, na ile mistari ya kontua inayoonyesha miinuko kwenye ramani ikaacha kuwa mapambo. Nilirudi chuoni nikafaulu. Hakunipongeza. Aliniuliza tu baba hajambo.

Miaka ikapita. Alistaafu. Mkewe tukamzika, nikabeba udongo na wanawake wa Kitura. Mimi nikafanya kazi huku na kule, kisha nikapangiwa kufundisha chuo kile kile, somo lile lile la ramani. Nilimpigia simu kumwambia, nikasikia kwamba analia. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku niliyovishwa cheo.

Mwaka jana katika darasa langu akaingia mjukuu wake, binti aliyemlea mwenyewe tangu akiwa mchanga. Binti mzuri, jasiri, mkarimu kwa wenzake. Akafeli ramani. Nilipokuja likizo, Mkufunzi akaniita Kitura.

Nilimkuta amekaa sebuleni, magoti yamemshinda, kahawa nje imeota magugu. Tulisalimiana, tukaulizana habari. Kisha akasema, “Mjukuu wangu amefeli kwako.”

“Ndiyo, Mkufunzi. Anarudia tukifungua.”

“Mwelekeze kidogo.”

“Wote waliofeli nawafundisha jioni, naye yumo.”

“Unajua sisemi hivyo.” Hakunitazama. “Mwambie tu maswali yatatoka wapi. Alama sikuombi.”

Nilihisi aibu, si yangu, ya kwake, ikanipanda hadi masikioni. Nilitamani acheke, aseme ananijaribu. Hakuwa ananijaribu. Alikuwa babu tu, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

“Sina mwingine,” akasema. “Nikifa leo yule ana nini?”

“Mkufunzi, hapana.”

“Kama si mimi ungekuwa Chiwanda unachimba mihogo.”

“Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema hapana.”

Aliinuka, akachukua muda mrefu kuinuka, na sikuthubutu kumsaidia. “Toka nyumbani kwangu,” akasema kwa ile sauti ndogo.

Nililia njia nzima hadi Mbinga, dereva wa pikipiki akawa anageuka kuniuliza kama nimefiwa. Nililia kwa uchungu na kwa hasira. Miaka yote nimemtetea mbele ya watu, na siku hiyo ilibidi nimtetee dhidi yake mwenyewe. Binti nilimfundisha kama nilivyowafundisha wengine, kwa moyo wangu wote. Akarudia mtihani, akafeli. Nikatia sahihi, naye akarudi nyumbani. Sasa Mbinga wanasema nami nina roho ya Mkufunzi, wakidhani wananitukana.

Mwezi uliopita nilimwona stendi ya Mbinga. Alikuwa amekaa kwenye benchi, na mjukuu wake amesimama kando akimshikia mfuko. Binti aliponiona alinyooka, akanisalimu kwa heshima, macho yake hayakukimbia. Anasema ameomba chuo cha ualimu. Nikainama mbele ya mzee.

“Shikamoo, Mkufunzi.”

Akageuza uso, akatazama basi la Songea likirudi kinyumenyume. Binti akamgusa bega, akasema, “Babu, unasalimiwa.” Hakugeuka. Watu wa Mbinga ni watu wa kuona, na pale stendi walishaona. Ningeweza kuondoka kimya, nikamwachia heshima yake ya kunikasirikia.

“Shikamoo, Mkufunzi,” nikarudia, kwa sauti ya uwanja wa gwaride, makondakta wakanyamaza, nami nikasimama pale pale kusubiri.